Upande wa Pili wa Gunia

Nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu limekuwa lile lile: magunia thelathini na moja ya alizeti yaliyoota ukungu ghalani, madumu ishirini na mawili ya mafuta yaliyorudishwa na mnunuzi, msimu mzima nikishona viroba vya mashudu, na miezi mitano ambayo mtu mmoja hakunitajia kosa langu hata moja. Hiyo ndiyo gharama ya mimi kutopenda kuambiwa. Ukiniuliza kipi kati ya hivyo vinne kilikuwa ghali zaidi, nitakujibu cha mwisho, na mimi si mtu wa kutaja bei kabla sijafikiri.

Mtu huyo tulimwita Mkaguzi. Jina alikuwa nalo, liliandikwa hata kwenye daftari la mahudhurio, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Mbele yake alikuwa Mama, nyuma yake alikuwa Mkaguzi, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa makali, nadhani majina yote mawili aliyapokea sawasawa. Kazi yake ilikuwa kukagua mbegu zinazoingia na mafuta yanayotoka, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Ihanja, kando ya barabara kuu. Kiwanda chenyewe kilikuwa mashine mbili, ghala moja, na choo kimoja ambacho ufunguo wake alikaa nao tajiri, mwenye kiwanda.

Mimi nilikuwa mpokeaji. Kabla ya hapo nilikuwa dalali, nikizunguka vijijini kumtafutia tajiri alizeti, na wenzangu waliendelea kuniita Dalali hata baada ya kupewa koti la bluu na kalamu. Halikunikera. Nilikuwa na uhakika kwamba hakuna mtu kutoka Sepuka hadi Manyoni anayeweza kuniuzia kitu nisichokitaka.

Wakati wa mavuno, Juni na Julai, upepo wa kwetu unavuma kama umetumwa, na uwanja wa kiwanda ulijaa pumba mpaka kwenye kope za watu. Mkaguzi alisimama katikati ya hali hiyo amejifunga kitenge juu ya sweta la kiume, akichota mbegu kiganjani na kuzitikisa karibu na sikio. Mbegu kavu, alisema, ina kelele za mtoto aliyeshiba. Mbegu yenye maji inanuna. Akishaisikiliza aliing'ata moja kwa jino la pembeni, akatema ganda, akatikisa kichwa juu chini au kushoto kulia. Hakukuwa na mtikisiko wa tatu.

Mafuta aliyakagua kwa pua. Alidondosha tone kwenye kiganja, akalisugua kwa kidole gumba mpaka likapata joto, akafumba macho na kunusa. Tulisimama tukimwangalia kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Mashine ya kupima ilikuwepo ofisini kwa tajiri, ndani ya boksi lake, na juu ya boksi palikuwa na kikombe cha chai. Mashine ilikuwa haijawahi kukataa dumu hata moja. Mkaguzi alikuwa amekataa mengi.

Lakini kilichofanya nimkumbuke si pua wala sikio. Ni namna alivyomwambia mtu kosa.

Hakumsema mtu mbele ya wapagazi. Alikufuata pale ulipo, akasimama kidogo, akauliza: "Una nafasi ya kusikia jambo la kazi?" Ukisema huna, aliondoka bila kununa, akarudi baada ya chai. Hakuna aliyethubutu kukosa nafasi mara mbili. Basi alikupeleka nyuma ya ghala, kwenye tangi la maji, na pale alikuambia alichokiona. Alichokiona tu. Saa nne, gunia la tatu, ulifunga mdomo kabla sijalitazama. Jana jioni, kitambaa cha kuchujia, ulikianika kikiwa na mafuta. Hakusema wewe mvivu. Hakusema wewe siku zote. Kuna wiki moja nilimvizia makusudi nimkamate akisema "kila siku wewe", maana neno hilo likitoka mdomoni mwa mtu unapata pa kumshika: unamwambia si kila siku, Jumanne sikufanya, na mazungumzo yanahamia Jumanne. Nilivizia wiki nzima. Hakunipa.

Na kosa lilikuwa moja tu kwa siku. Ukiwa na matano, manne yalingoja.

Akishamaliza, alisema: "Usinijibu sasa. Nenda kanywe maji." Kikombe cha bati kilining'inia kwenye mnyororo pembeni ya tangi. Ulitakiwa unywe, urudi kazini, na kama una neno ulilete kesho yake. Wapagazi wakikuona unatoka nyuma ya ghala na midomo mibichi, walijua. Kiongozi wao, mtu mwenye shingo nene na sauti ya mnada, alipiga kelele uwanja mzima usikie:

"Dalali! Tubakizie basi! Wengine tuna kiu ya kweli!"

Sasa niseme nilivyopokea mimi. Mimi nimelelewa na soko. Sokoni bei ya kwanza si bei, ni salamu. Mtu akikwambia elfu kumi, anajua na wewe unajua kwamba hapo kuna elfu sita imevalishwa koti. Kwa hiyo Mkaguzi aliponiambia kosa, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye kulipunguza. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani ndiyo heshima yenyewe, kwamba anayelipa bei ya kwanza anamdharau muuzaji.

Siku ya kwanza ya jambo la bambo ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji, unachokidunga kwenye gunia kikatoka na mbegu za tumboni, ili usidanganywe na zile za juu. Aliniuliza kama nina nafasi, tukaenda kwenye tangi.

"Unapiga bambo upande mmoja," akasema. "Ule ulio karibu na tumbo lako. Wakulima wameshajua. Upande wa nyuma ndiko wanakoweka mbegu za juzi, zenye maji."

"Mama, mwenye macho haambiwi tazama. Alizeti nimeinunua mimi tangu inauzwa kwa debe."

"Basi mwenye macho azunguke."

"Magunia mia na arobaini kwa siku, Mama! Nikiyazunguka yote, jioni nitakuwa nimetembea mpaka Manyoni."

"Utafika salama."

"Tufanye hivi. Wageni nawapiga pande mbili. Wenyeji, mmoja."

"Sikuuzii kitu, kijana."

"Haya, na wenyeji wenye sifa mbaya nao pande mbili. Hapo nimejiumiza. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama gunia ambalo sikio limelikubali na jino limelikataa. "Nenda kanywe maji," akasema.

Nilikunywa, nikatoka nikijipongeza. Nilikuwa nimelikata kosa kwa zaidi ya nusu. Jioni nilimsimulia mke wangu na nikaongeza kwamba makosa ya yule mama yana lumbesa, kama magunia ya viazi, yamevimbishwa kichwa ili yaonekane mengi. Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Aliniuliza: "Na huo upande wa pili uliupiga?" Nikamwambia haelewi biashara.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari za Mkaguzi kanisani, na hizi ninazitoa kwa uhakika kwa sababu yeye na Mkaguzi walikuwa kwaya moja. Mkaguzi aliimba kwa moyo wake wote na nusu noti chini ya watu wote. Mwalimu wa kwaya, kijana mpole, alivumilia miezi, kisha siku moja baada ya mazoezi akamwambia kwa adabu kwamba labda sauti ya kwanza inamwinua mno. Mkaguzi huyu wa tangi la maji, huyu wa usinijibu sasa, alijibu palepale, mbele ya kwaya nzima. Kinanda ndicho kilichoshuka. Vumbi la kiwandani limekaa kooni. Na mwalimu mwenyewe, alisema, anapunga mikono kama anafukuza ndege kwenye mtama. Akahama sauti ya kwanza akaenda ya pili. Baada ya Pasaka akahamia ya tatu, na wakati mke wangu ananisimulia alikuwa ameshaonekana akisimama karibu na wanaume wa besi.

Sikuweza kuliacha lipite. Nilimfuata wakati wa chai.

"Mama, kule kwaya hakuna tangi la maji?"

Alijua nasema nini. Hakucheka. "Huku wanaikosoa kazi," akasema. "Kazi naivua saa kumi na moja, naitundika pale na koti. Kule wananikosoa koo langu. Koo nalivua vipi?"

Nilimalizia chai yangu, nikarudi mapokezi. Tangu siku ile nilijua kwamba hata yeye alikuwa na upande ambao hakutaka bambo liuguse.

Lakini kiwandani alikuwa anapokea kosa lake kweli, hili nalo niliseme nisije nikaonekana nampunja. Kuna siku kiongozi wa wapagazi alimsimamisha katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, gunia la kilo sitini na tano likiwa bado begani.

"Mama Mkaguzi, samahani. Ukikagua unatuweka na mzigo mabegani. Unasikiliza, unang'ata, unafikiri, sisi shingo zinaingia kifuani. Mimi nilizaliwa mrefu, Mama. Uliza nyumbani kwetu."

Wapagazi walicheka. Mimi nilisubiri aeleze kwa nini, maana sababu alikuwa nayo: gunia likishatua chini linachanganyika na mengine. Hakueleza. Alikwenda mwenyewe kwenye tangi, akanywa. Kesho yake asubuhi tulikuta mbao nne zimepangwa juu ya matofali, kimo cha kiuno, na mzigo ukaanza kutua pale kabla ya kukaguliwa. Akamfuata yule bwana akamwambia, "Nilikuwa sioni shingo. Nilikuwa naona magunia." Yule bwana, ambaye hajawahi kukosa utani, alisema tu, "Asante, Mama," na sauti yake ikawa ndogo kama si yake.

Kwenye jambo la bambo alinifuata mara ya pili, wiki ya tatu ya Julai. Maneno yale yale, sauti ile ile. Nikamjibu kwa bei ile ile, na nikaongeza kwamba kama ananiona sifai amwambie tajiri. Hilo la mwisho lilikuwa pigo la chini na nililijua.

Mara ya tatu hakunifuata. Nilimwona kwa jicho la pembeni amesimama karibu na zile mbao, ananitazama nikidunga upande mmoja, gunia baada ya gunia. Alivuta pumzi, akafunga kitenge chake vizuri, akapita. Nikadhani nimeshinda. Sokoni muuzaji akinyamaza, maana yake amekubali bei.

Mbegu zenye maji zikirundikwa hazioneshi kitu kwa nje. Zinapika zenyewe kwa ndani, polepole, mpaka ukiingiza mkono katikati ya lundo unautoa haraka. Tulipoufikia mrundo wa nyuma mwezi Septemba, magunia thelathini na moja yalikuwa na ukungu wa kijani, na mbegu za magunia ya jirani zilikuwa zimeshakamuliwa wakati Mkaguzi amekwenda msibani siku mbili. Mafuta yake yakatoka bila pua yake kuyaona. Wiki iliyofuata mnunuzi wa Dodoma akarudisha madumu ishirini na mawili, na hakutaka hata kuyashusha mwenyewe.

Tajiri alituita ofisini. "Nani alipokea mzigo huu?"

Nilikuwa na sababu sita. Nilikuwa nimezipanga kwa ukubwa tangu usiku, mvua ya Mei mbele, giza la ghala nyuma. Nilifika ya tatu, ile ya uongo wa wakulima, Mkaguzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Alipokea huyu," akasema. "Nilimwambia mara mbili apige upande wa pili, hakupiga. Mara ya tatu nilimwona na sikumwambia. Nilichoka kubishana. Hilo la tatu ni langu, uliandike kwangu."

Tajiri alikuwa amejiandaa kupiga kelele na ghafla hakujua azielekeze wapi. Mtu anayekiri anaharibu kikao. Mwishowe aligawa adhabu: mimi nikatolewa mapokezi, nikapelekwa kushona viroba vya mashudu, makapi yale ya alizeti wanayolishwa kuku na ng'ombe. Mkaguzi akanyang'anywa mamlaka ya kusimamisha mzigo. Tangu siku hiyo akiona gunia bovu alitakiwa kwanza amtafute tajiri, na tajiri, kama unavyowajua matajiri, alikuwa hapatikani. Sababu zangu tatu zilizobaki sikupata nafasi ya kuzitoa. Bado ninazo.

Niliogopa atanichukia. Hakunichukia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza watoto wameamkaje. Alinigawia karanga. Kitu alichoacha ni kimoja tu: hakuniambia kosa. Siku ya kwanza nilifurahi. Wiki ya kwanza nilipumzika. Mwezi wa pili nikaanza kujitazama mikono. Wenzangu walikuwa wanapelekwa nyuma ya ghala mmoja mmoja na kurudi wakijifuta midomo, na mimi nashona, mshono wangu umepinda kama njia ya mbuzi, anapita, anatazama, anasalimia, anakwenda.

Mwezi wa nne nilianza kushona vibaya kwa makusudi. Najua inachekesha. Niliruka tundu mbili mbili, mashudu yakawa yanamwagika kama mchanga. Aliinama, akaokota uzi ulioanguka, akaniwekea juu ya meza, akaenda zake.

Mwezi wa tano nilimfuata mimi.

"Mama, mbona huniambii?"

"Nikuambie nini?"

"Huu mshono."

"Una nini?"

"Mbaya."

"Umeuona mwenyewe. Basi mimi nimepumzika."

Nikasimama pale kama mtu aliyekuja dukani bila hela. Akakaa juu ya kiroba, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyochoka, uchovu wa ndani, ule ambao usingizi hauutoi.

"Unajua kumwambia mtu ni kazi gani?" akasema. "Ni kubeba gunia mpaka mlangoni kwake. Unalibeba tangu jana yake. Unalala nalo, unalitafutia maneno, unatoa matusi yote ndani yake libaki lenyewe. Unafika, unabisha hodi, halafu mwenye nyumba anasimama mlangoni anapatana na wewe, anataka apokee robo. Unarudi nalo. Kijana, mimi nina miaka hamsini na nane. Kwako nimerudi na magunia mangapi?"

Nilitaka kusema mawili. Nilihesabu tena, nikaona si mawili.

Akanyanyuka, akakishika kiroba, akaniambia kwamba napitisha sindano mbali na ukingo, vidole viwili badala ya kimoja, na uzito ukikaa mdomo unafunguka. Nikasema sawa. Nikaenda kwenye tangi nikanywa vikombe viwili, na nakiri kwamba cha pili kilikuwa cha kuficha uso.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine miwili. Aliniambia makosa mengi, na mengine niliyapinga siku iliyofuata, kwa utaratibu, na mara mbili nilikuwa sahihi mimi, naye akasema hivyo mbele ya watu. Kisha magoti yakamshinda, akaaga, akarudi Sepuka kwenye nyumba yake. Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Sasa nanunua mafuta kutoka kwenye mashine ndogo ndogo za vijijini na kuyapeleka kwenye maduka ya Manyoni.

Mwaka huu baada ya mavuno nilianza kununua kwa kikundi cha akina mama wa Sepuka, wanachama kumi na wanne wenye mashine moja. Nilinunua macho yamefumba, kwa sababu anayewakagulia ni yeye. Dumu likipita mkononi mwake wanalifunga uzi mwekundu shingoni. Uzi ule nilikuwa nauonesha wenye maduka kama mtu anayeonesha kitambulisho.

Mwenye duka wa kwanza aliponiambia mafuta yamechacha, nilimbishia. Tabia haifi siku moja. Wa pili aliponiambia, nikaomba kijiko. Nikadondosha kiganjani, nikasugua, nikanusa. Nikafungua dumu la pili, na la tatu. Yote yalikuwa na uzi mwekundu, na yote yalinuka kama sufuria lililosahaulika.

Nilipanda bodaboda mpaka Sepuka siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenyekiti wa kikundi alikuwa amenipigia simu kwa furaha kuniambia wamepata shule ya bweni, madumu themanini, gari linakuja kesho. Mzigo wao wa kwanza mkubwa. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua. Nilifikiria kumwambia kwamba ni dumu moja tu. Nilifikiria kumwambia mwenyekiti badala yake na kuondoka zangu. Sehemu ya mchanga mwingi tulishuka tukasukuma pikipiki, na nakumbuka nilifurahi kuchelewa.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, nyuma yake mlango wa jiko umeegeshwa. Kabla sijamwamkia nilisikia harufu ya maharage yanaungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Dalali! Umenenepa. Unawapunja watu."

Tulizungumza mambo ya watoto, ya mvua, ya magoti. Harufu ilikuwa inazidi. Yeye alicheka, akaniuliza habari za kiwanda, akanisogezea karanga, na wala hakugeuka. Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa.

"Mama," nikasema, "una nafasi ya kusikia jambo la kazi?"

Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Sema."

"Madumu matatu niliyouza Manyoni yamechacha. Yote yana uzi. Nimeyanusa mwenyewe."

"Uliyapanga juani. Nakujua."

"Yalikuwa kivulini, Mama."

"Basi ni hao wenye maduka."

"Wako wawili, na hawafahamiani."

"Mimi naonja mafuta tangu wewe unauza sigara moja moja madirishani mwa mabasi!" Alikuwa amejinyoosha kwenye kiti, na sauti ilikuwa ile iliyomtoa mwalimu wa kwaya jasho. "Umekuja kununua au umekuja kunizika?"

"Mama, maharage yanaungua."

"Yapi?"

"Yako. Hapo nyuma yako. Tangu nimeingia."

Aligeuka, akausukuma mlango, moshi ukatoka wote mara moja. Nilimsikia akifunua sufuria. Aliporudi alikuwa bado ameshika mfuniko, na alikuwa anazungumza Kinyaturu, peke yake, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mtu mwingine. Akakaa.

"Tangu mafua ya wakati wa mvua," akasema kwa Kiswahili. "Nikadhani pua itarudi. Mwezi wa kwanza, wa pili. Sasa hata sabuni sisikii."

"Sasa ulikuwa unakaguaje?"

"Natazama rangi. Namtazama mwenyekiti. Akikunja uso, nalikataa. Akichangamka, nafunga uzi. Wao wote wanatazama uso wangu, na mimi natazama wa kwao."

"Mbona hukuwaambia?"

Alizungusha ule mfuniko mapajani, mzunguko mmoja, miwili. "Mashine siwezi kuizungusha, magoti hayataki. Kuandika, wana binti anaandika vizuri kuliko mimi. Pale nina pua tu. Nikisema haipo, mimi pale ni nani? Kibibi kinachokalia benchi."

Nilitaka kumwambia kwamba sikio bado analo, na jino bado analo, na mbegu bado zinahitaji mtu wa kuzikataa. Nilitaka kumwambia kwamba ile shule ikirudisha madumu themanini hakuna atakayewanunulia tena wale akina mama, lakini hilo alilijua kuliko mimi, lilikuwa usoni mwake. Nikamenya karanga. Upepo ulikuwa umeanza, ukapeperusha maganda ya karanga mpaka kwenye uzio.

"Kesho saa tatu watakuwa hapa," akasema, "wote kumi na wanne, wamevaa sare. Wameshona sare kwa ajili ya hilo gari. Kusema nimekosea, najua, nimelisema mara nyingi mbele ya watu. Kusema siwezi tena, hilo sijawahi." Akaweka mfuniko chini, akanitazama kama anavyotazama mtu anayesubiri kipimo. "Wewe mtu wa maneno, umeshinda sokoni maisha yako yote. Hebu niambie, baba. Wakishakaa, nianze na neno gani?"